Runinga Inapowakuza Watoto wa Riwaya

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi ambalo mimi mwenyewe nililiona jepesi. Niliwataka kila mmoja achague mhusika ambaye kazi yake katika hadithi ni ukalimani, kisha aeleze jinsi mwandishi anavyomtumia mkalimani huyo kudhihirisha ni nani mwenye mamlaka na ni nani asiye nayo. Mwanafunzi mmoja, msichana mwenye bidii na kalamu nzuri, alimchagua Missandei katika A Storm of Swords, riwaya ya Mmarekani George R. R. Martin iliyochapishwa mwaka 2000. Aliandika kurasa sita za Kiswahili kisicho na doa. Alieleza kuwa Missandei ni mwanamke aliyekomaa, mshauri wa malkia wake, mpenzi wa askari mmoja aliyekuwa mtumwa kama yeye, na kwamba hatimaye anauawa akiwa katika minyororo huku malkia akitazama. Mwishoni mwa insha alitaja kitabu, mchapishaji na mwaka, kama nilivyowafundisha.

Tatizo ni kwamba mwanamke huyo hayumo kitabuni. Missandei wa kitabuni ni mtoto wa miaka kumi. Hana mpenzi wala hawezi kuwa naye. Alicho nacho ni ndugu zake wa kiume waliotiwa katika jeshi la watumwa, na kipaji cha ajabu cha lugha. Na katika kitabu cha mwisho kuchapishwa katika mfululizo huo, kile cha mwaka 2011, bado yu hai, bado mtoto.

Kalamu nyekundu ilitangulia akili. Niliandika sufuri, nikafunga mkoba, nikapanda matatu ya kurudi nyumbani Ngoingwa. Hata hivyo, kabla gari halijamaliza kupakia abiria pale Thika mjini, nilikwisha kuanza kujilaumu. Msichana yule hakusema uongo. Aliyoyaandika aliyaona kwa macho yake, na aliyaona vizuri kuliko wenzake wengi walivyosoma vitabu vyao. Kosa lake lilikuwa moja: alidhani kwamba mtu akiitwa kwa jina lile lile, akafanya kazi ile ile na kumtumikia malkia yule yule, basi ni mtu yule yule. Na dhana hiyo si yake peke yake. Naiona katika insha za wanafunzi, naisikia katika vyumba vya walimu, na nadhani imefika wakati tuizungumze hadharani.

Kwa msomaji asiyeijua hadithi yenyewe, nieleze kwa ufupi. Riwaya za Martin ni za kifantasia: nchi zisizokuwa katika ramani yoyote, majira ya baridi yanayodumu miaka, mazimwi yarukayo. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Kampuni ya HBO ya Marekani ilikigeuza kuwa tamthilia ya runinga kwa jina la Game of Thrones, ikaonyeshwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2019 katika misimu minane yenye vipindi 73. Si kipindi cha watoto, wala sikipendekezi kwa shule za upili. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu hangoji pendekezo langu. Atakwenda katika duka la filamu mjini, atajaziwa misimu yote katika fleshi kwa shilingi chache, na wikendi mbili zitamtosha. Kitabu kimoja tu kati ya hivyo kina kurasa mia saba na zaidi. Nani atamlaumu?

Lugha yetu ina neno ambalo linanisaidia sana hapa. Sisi husema sura ya kitabu, na husema sura ya mtu. Martin ameziita sura za kitabu chake kwa majina ya wahusika: hii ni ya Daenerys, hii ya Tyrion, hii ya Arya. Ndani ya sura yenye jina lake, mhusika ndiye anayeona. Msomaji haruhusiwi kujua jambo ambalo mhusika huyo halijui, wala kuona mlango ambao yeye hajaupita. Hatumwangalii, tunaangalia pamoja naye. Runinga inafanya kinyume chake. Inampa kila jina sura ya nyama na damu, na tangu hapo mhusika si anayeona tena, bali ni anayeonwa. Robb Stark, kijana anayetawazwa kuwa mfalme, hana hata sura moja ya kitabu iliyo yake. Twapata habari zake kupitia kwa mamaye. Runingani amepewa sura ya kijana mtanashati, na pamoja nayo amepewa mapenzi, ndoa na mke ambaye hayumo kitabuni. Kinyume chake, Tyrion, ambaye kitabuni hukatwa pua vitani na kubaki na uso wa kutisha, runingani hubaki na kovu tu.

Lakini mfano unaonigusa mimi kama mtu wa isimu ni ule wa soko la watumwa katika mji wa Astapor, pale pale anapoingia Missandei. Daenerys amefika kununua jeshi. Mwenye mali anazungumza Kivalyria cha mji wake, lahaja iliyopindapinda, naye anamtukana mnunuzi wake matusi ya nguoni akiamini haelewi. Mtoto Missandei anasimama katikati na kuyageuza matusi kuwa maneno ya heshima. Kitabuni, sura hii ni ya Daenerys, kwa hiyo tangu mwanzo tunajua kwamba anaelewa kila neno. Tunakaa naye ndani ya kimya chake. Tunajua kwamba tabasamu lake ni pazia. Tunajua pia kwamba anamsikia mtoto yule akitafsiri, na anampima: huyu mdogo anamlinda nani, bwana wake au mimi?

Runingani hatujui. Katika msimu wa tatu, ulioonyeshwa mwaka 2013, tunasikia lugha ngeni, tunasoma tafsiri chini ya kioo, tunacheka kwa uchungu kuona malkia anatukanwa naye hana habari. Hadi biashara ikiisha, ndipo anapofungua kinywa na kuiamuru askari elfu nane kwa lugha hiyo hiyo, na muuzaji anabaki ameduwaa. Nasi tunaduwaa pamoja naye. Angalia tulipohamishwa: kitabuni tulikaa upande wa Daenerys, runingani tumekalishwa upande wa mtu anayedanganywa. Ni tukio zuri mno. Nililitazama mara mbili. Lakini kitu kimelipiwa ili lipatikane, nacho ni kimya cha mwanamke anayesikia akitukanwa na kuhesabu moyoni.

Niongeze kwa haki kwamba hata Martin anatuficha jambo. Mpango wa kuupindua mji ule hatuambiwi, ingawa tumo kichwani mwake. Mwandishi naye ana ujanja wake. Tofauti ni kwamba yeye alichagua la kuficha, ilhali kamera haina uwezo wa kuchagua: fikra haipigiki picha. Ndiyo maana tamthilia nyingine ya kifantasia, The Wheel of Time, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021 kutokana na riwaya za Robert Jordan, ilimpa kijana Perrin mke ambaye kitabuni hayupo, kisha ikamfanya amuue kwa shoka bila kukusudia katika kipindi cha kwanza kabisa. Kitabuni Perrin anaogopa nguvu za mikono yake mwenyewe, na hofu hiyo huijaza kurasa nyingi za mawazo. Watengenezaji wa kipindi walitafuta namna ya kuitoa nje hofu hiyo, wakaona haitoki bila maiti. Mhusika aliyekuwa mwoga wa jambo linaloweza kutokea amekuwa mtu mwenye hatia ya jambo lililokwisha kutokea. Hao si watu wamoja hata kidogo.

Nirudi kwenye umri, maana hapo ndipo penye uzito.

Daenerys wa kitabuni ana miaka 13 hadithi inapoanza. Kaka yake, mkimbizi mwenye kiu ya ufalme, anampa chifu wa wapanda farasi ili naye apewe jeshi. Anatimiza miaka 14 akiwa mja mzito. Runingani aliigizwa na Emilia Clarke, mwanamke mzima, na hadithi ikamwongeza miaka. Wenye kuitengeneza hawakuwa na njia nyingine, na nawaunga mkono: haifai kumsimamisha mtoto wa miaka 13 mbele ya kamera kwa mambo kama yale, wala sheria haziruhusu. Hata hivyo, tuwe wakweli kuhusu kilichopotea.

Kiswahili kina viambishi vinavyojua tofauti ambayo kamera haiijui. Mwanamume huoa. Mwanamke huolewa. Mzazi au mlezi huoza. Na binti ambaye mambo yake yameamuliwa na mwingine huozwa. Tazama ile z: ni sauti moja tu, lakini ndani yake amejificha mtu wa tatu, yule aliyekaa na wazee, akapokea mahari na kukubali kwa niaba ya asiyeulizwa. Msomaji wa kitabu anasoma habari za msichana aliyeozwa. Hata baadaye, anapokuja kumpenda mumewe, maana kitabuni pia anampenda, msomaji hana ruhusa ya kumsahau mtu wa tatu, kwa sababu miaka ya msichana inahesabiwa mbele yake kila mara. Mtazamaji huanza na kuozwa, lakini macho yake yanamwona mwanamke mzima, na macho yana nguvu kuliko masikio. Kufika kipindi cha tano amekwisha kuhamia kwenye kuolewa. Kufika mwisho wa msimu analia kwa ajili ya mapenzi yaliyokatika.

Na hapa kuna kisa kinachotuhusu sisi wenye lugha hii kwa namna ya pekee. Riwaya ilikuwa na maneno machache tu ya lugha ya wapanda farasi wale, Kidothraki. Runinga ilihitaji lugha nzima, kwa sababu mtu hawezi kuigiza kwa lugha isiyokuwapo. Akaajiriwa mwanaisimu David Peterson, naye akaiunda, sarufi na msamiati. Miongoni mwa lugha zilizotajwa kuwa zilimpa mawazo ni Kirusi, Kituruki, Kiestonia, Kiinuktitut na, ndiyo, Kiswahili. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwasikia wale wapanda farasi wakifoka, jua kwamba jirani ya maneno yao kuna kivuli cha Mombasa na Unguja. Sijui kama tufurahi au tudai malipo.

Katika lugha hiyo mke wa chifu huitwa khaleesi. Ni cheo, na ni cheo ambacho Daenerys alikipata kwa kuozwa. Hakukipata kwa njia nyingine. Watazamaji walilisikia neno hilo likitamkwa mara nyingi hivi hata wakalidhani ni jina lake. Wazazi nchini Marekani wamewaita mabinti zao Khaleesi, tena kwa mamia. Peterson mwenyewe amelalamika kwamba hata matamshi yalipotoshwa: yeye alikusudia mkazo uwe kwenye silabi ya kwanza, waigizaji wakaupeleka kwenye ya pili kutoka mwisho, yaani pale pale ambapo Mswahili angeupeleka bila kufikiri. Basi jina la utumwa wa mtoto limekuwa pambo la kitanda cha mtoto mwingine. Huo si upuuzi wa wazazi. Ni matokeo ya moja kwa moja ya kumkuza mhusika: ukimwondolea msichana umri wake, cheo chake hakinuki tena.

Walimu wenzangu wataniambia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na mazimwi yao. Sivyo. Sisi tunaoishi Thika tuna kisa chetu cha aina hii, ingawa kitabu chenyewe si cha kifantasia, isipokuwa ukiihesabu ndoto ya walowezi kuwa fantasia, mimi huihesabu. Mwaka 1959 Elspeth Huxley alichapisha The Flame Trees of Thika, kumbukumbu za utoto wake katika shamba ambalo wazazi wake walijaribu kulifanya la kahawa. Alizaliwa mwaka 1907, akafika huku mwaka 1913, mtoto wa miaka sita hivi. Mwaka 1981 kampuni ya Thames ya Uingereza ilikigeuza kitabu hicho kuwa tamthilia ya runinga ya vipindi saba, ikapigwa picha hapa Kenya. Hayley Mills aliigiza mama. Mtoto aliigizwa na Holly Aird, aliyezaliwa mwaka 1969. Hesabu mwenyewe. Huyu naye amekuzwa.

Miaka minne au mitano inaweza kuonekana kama si kitu. Lakini kitabu kizima kimesimama juu ya jambo moja: msimulizi ni mtoto mdogo ambaye haelewi anayoyaona. Jirani yao Lettice Palmer ana mume, na kuna bwana mwingine, Ian Crawfurd, ambaye hupita pita. Mtoto anaona farasi, zawadi, ukimya wa ghafla wakubwa wanapoingia chumbani. Msomaji anaelewa juu ya kichwa chake. Raha ya kitabu, na huzuni yake pia, imo katika ule mwanya kati ya kinachoonwa na kisichoeleweka. Runinga haina haja ya mwanya huo. Kamera inaingia chumbani ambamo mtoto hayumo, na mapenzi ya wakubwa yanatandazwa mbele yetu kama nguo kwenye kamba. Msichana aliyekuwa jicho la hadithi anakuwa mmoja wa wahusika, mwenye kofia nzuri.

Kuhusu wenyeji wa Thika walio katika hadithi hiyo, nyapara Sammy, kijana Njombo na chifu Kupanya, hesabu inakwenda upande mwingine, nami sitaki kuificha. Kitabuni hawana nafsi isipokuwa ile waliyopewa na macho ya mtoto wa mlowezi na kumbukumbu za mwanamke aliyekuwa amekwisha kupita miaka hamsini alipoandika. Hakuna anayeingia vichwani mwao. Mwigizaji wa Kiafrika akisimama mbele ya kamera, uso wake hauombi ruhusa kwa msimulizi. Anaweza kumtazama bwana wa shamba kwa namna ambayo hakuna sentensi ya kitabu iliyoiandika. Kwa hiyo wapo wahusika ambao runinga huwapokonya nafsi, na wapo ambao huwapa mwili walionyimwa. Mhakiki anayesema kuwa kitabu ni bora siku zote angekuja asimame nami pale Blue Posts, kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, anieleze ubora huo ni kwa nani.

Tena, Huxley mwenyewe alitangulia kuwageuza watu wake kabla runinga haijawafikia. Wazazi wake waliitwa Josceline na Nellie Grant. Kitabuni wanaitwa Robin na Tilly. Hakuna mhusika anayefika kitabuni akiwa mzima mzima. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, aliichukua hadithi ya Alfu Lela Ulela ya liwali wa Basra na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa, akawafanya manyani, na akawapa wote majina yanayosema tabia zao: Adili, Hasidi, Mwivu. Hiyo ndiyo fantasia yetu wenyewe, na mwandishi wetu mkubwa aliipata kwa kuwaumba upya wahusika wa watu wengine. Hakuna aliyemwita mwizi.

Nimekuwa nikijiuliza Adili angekuwaje runingani. Kila usiku, kwa amri ya jini, anawapiga viboko manyani wawili ambao ni ndugu zake wa tumbo moja. Kitabuni majina yanamtetea kabla hajainua mkono: tumekwisha kuambiwa nani ni muadilifu na nani ni hasidi. Runingani tungemwona mtu mwenye mjeledi na wanyama wanaolia. Dakika ya kwanza tu tungemchukia. Na hayo majina je? Mama akitoka jikoni kumwita mwanawe, "Mwivu, njoo ule," watazamaji wangeangua kicheko. Jina ambalo kwenye karatasi ni hukumu, kinywani mwa mwigizaji lingekuwa mzaha. Mwongozaji angelazimika kuyabadili majina, na akiyabadili tu, angekuwa amebadili uadilifu wenyewe wa hadithi. Si lazima abadili vibaya. Lakini angebadili.

Sasa tuje katika kumbi za shule zetu, ambako jambo hili lina gharama ya alama na zaidi ya alama. Tunajua kwamba makundi ya waigizaji huzunguka shuleni yakiigiza vitabu vya kutahiniwa, na kwamba kanda na diski za maigizo hayo huuzwa. Sina ugomvi nao. Wapo vijana wanaokula kwa kazi hiyo, na wapo wanafunzi ambao bila maigizo wasingekifungua kitabu. Lakini fikiria Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilipokuwa ikitahiniwa. Ni riwaya iliyojaa watoto. Dick anatekwa na kulazimishwa kuwa mchukuzi wa dawa za kulevya akiwa bado mdogo. Anapoigizwa na kijana mwenye ndevu na sauti nzito, ukumbi unamwona mhalifu anayejutia. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani aeleze hali ya Dick, atajibu kuhusu uchaguzi mbaya wa Dick. Mtoto hachagui. Mwanafunzi huyo hakusahau kitabu. Alimwona Dick mwingine.

Yasmin wa Vuta N'kuvute ni mfano mwingine. Adam Shafi, katika riwaya yake ya mwaka 1999, anatuambia kuwa anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Raza mwenye miaka 52. Hizo tarakimu mbili ni hoja kamili, hazihitaji maelezo. Amil Shivji aliitengenezea riwaya hiyo filamu mwaka 2021, filamu ninayoipenda sana kwa mwanga wake na kwa Unguja yake, lakini mtazamaji anamwona mwanamke mbele yake, na lazima mtu amkumbushe zile tarakimu.

Mtu huyo ni mwalimu. Sisemi tuwakataze wanafunzi kutazama. Katazo hilo lingeishia mlangoni mwa darasa. Ninachowaomba walimu wenzangu ni kwamba tuwache kuuliza lile swali la zamani, je, filamu imekuwa mwaminifu kwa kitabu? Swali hilo humtia mwanafunzi uvivu, kwa kuwa jibu lake ni ndiyo au hapana. Tumuulize, mhusika huyu ana miaka mingapi hapa na mingapi pale? Katika tukio hili, kitabuni, nani anajua nini? Runingani, nani anajua nini? Mwambie mwanafunzi achukue ukurasa mmoja wa mawazo ya mhusika aandike jinsi angeyaonyesha bila neno hata moja, kisha aseme ni mawazo yapi yamekataa kuonyeshwa. Hayo yaliyokataa ndiyo riwaya. Nimelijaribu zoezi hilo, na wanafunzi walipigana kwa hoja hadi mlinzi akaja kufunga chumba.

Msichana wa Missandei alikuja ofisini siku mbili baada ya kurudishiwa insha. Alikuwa na hasira, naye alikuwa na haki nayo. "Daktari," akaniambia, "nimekosea kitabu, nakubali. Lakini kazi ya mkalimani ni ile ile. Umri una maana gani?"

Nikamfungulia ukurasa wa soko la Astapor. Nikamwomba asome kwa sauti, kisha anieleze ni nani anayetafsiri matusi yale. Alisoma polepole. Alipofika mwisho alinyamaza kitambo. "Wanamtukania mtu mzima kinywani mwa mtoto," akasema. Halafu, bila mimi kumuuliza, akaongeza kwamba mama yake aliozwa akiwa na miaka 14, na kwamba siku wazee walipokuja, aliyewatafsiria wageni maneno ya nyumbani, kwa kuwa hawakuelewa lugha ya kwao, alikuwa mdogo wake mama, aliyekuwa darasa la nne.

Niliifuta ile sufuri, nikampa wiki mbili aandike upya. Ameandika. Insha iko mezani pangu hapa Ngoingwa ninapoandika makala haya, kurasa kumi na moja safari hii, juu ya watoto wanaotafsiri mambo ya watu wazima, nusu yake Missandei na nusu yake shangazi huyo ambaye yeye humwita mama mdogo. Katika ukurasa wa mwisho ameniachia swali. Ikiwa haifai kumtumia mtoto mbele ya kamera, na ikiwa mtu mzima huifuta maana ya hadithi, basi yeye, ambaye anatamani siku moja kumtengenezea mama yake filamu, amsimamishe nani pale? Nimelisoma swali hilo mara kadhaa. Tuna miadi Jumatatu saa nne.